Kadari na Kadiri

Adhana ya adhuhuri inapoanza kusikika kutoka Msikiti wa Mtoro, kijana mwenye meza ya virutubisho pembeni ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, Dar es Salaam, hupunguza sauti ya spika yake. Haizimi. Anaipunguza tu, na maneno yaliyorekodiwa yanaendelea chini kwa chini huku muadhini akiita: inaongeza damu, inaondoa sumu mwilini, inasafisha figo, inaimarisha mifupa, wazee kwa watoto. Mezani zimepangwa chupa nyeupe za plastiki, moja ina picha ya jani la mlonge, nyingine ya samaki, nyingine ya chungwa lililokatwa katikati. Mbele ya meza amesimama mwanamke mwenye ujauzito wa miezi mitano hivi. Kikapuni ana mafungu mawili ya matembele na kadi ya kliniki.

“Ya kuongeza damu ipo, dada,” kijana anamwambia. “Wiki mbili tu, utarudi kunishukuru.”

“Kliniki wamenipa vidonge, kaka, lakini vinanitia kichefuchefu.”

“Vile ni kemikali. Hii ni mimea mitupu. Kaiumba Mungu, binadamu kaifungasha tu.”

Mama wa makamo aliyemsindikiza, mtandio kichwani, hana habari na chupa. “Twende zetu, mwanangu. Mtoto aliyeandikiwa kuja atakuja. Sisi tulizaa bila hayo makopo.”

Mazungumzo ya namna hii husikika Kariakoo kila siku, na anayepita haraka huenda asione kitu cha ajabu ndani yake. Lakini kijana amemtaja Mungu ili auze, na mama amemtaja Mungu huyo huyo ili wasinunue. Kati yao yupo mtu ambaye hakuna aliyemuuliza damu yake ni kiasi gani, ingawa jibu limeandikwa kwenye kadi iliyomo kikapuni.

Hoja ya mama haifai kudharauliwa. Ni swali la kale kuliko vitamini zote: ikiwa siku za mtu zimekwisha kuhesabiwa, kidonge kinaongeza nini? Lugha yenyewe imelibeba swali hilo. Neno ajali, ambalo leo watu wa Dar es Salaam hulitumia basi linapopinduka, asili yake ya Kiarabu ni muda aliowekewa mtu kuishi. Na yapo maneno matatu yaliyotoka mzizi mmoja wa Kiarabu yakaingia Kiswahili kila moja kwa mlango wake. Kudura ni uwezo wa Mwenyezi Mungu. Kadari ni yale aliyoyapanga. Kadiri ni kipimo, kiasi kinachostahiki, kile anachokisema mpishi anapoulizwa chumvi ya pilau itiwe vijiko vingapi. Msikitini, kanisani na msibani watu huzungumza sana juu ya kudura na kadari. Kadiri wameiachia jikoni. Katika habari ya vitamini, kadiri ndiyo yenye uzito wote.

Wazee wa dini walikwisha kulijibu swali la mama. Karibu mwaka 639, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba nchi ya mbele imeingiwa na tauni. Akaamua kurudi Madina. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu aliyeteremsha ngamia wake bondeni, upande mmoja una majani na upande mwingine ni mkavu. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Lakini mwenye macho hawapeleki wanyama kwenye ukame kisha akauita ukame huo uchamungu. Wakristo nao wanaye Mtume Paulo, ambaye watu waliponywa kwa maombi yake, na bado alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yaliyokuwa yakimrudia. Mwenzake wa safari, Luka, alikuwa tabibu.

Kwa hiyo kujihadhari si ukosefu wa imani. Hilo limekwisha. Ugumu uko pengine. Mchunga ngamia wa Umar aliyaona majani kwa macho yake. Vitamini haionekani. Mtu atajuaje upande upi wa bonde ndio wenye malisho?

Pwani hii ina kisa chake. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa zikiwa na mabaharia wenye kiseyeye. Ugonjwa huo ulikuwa umewaanza kwenye pwani ya Msumbiji: miguu na mikono ilivimba, fizi zikaota juu ya meno mpaka mtu akashindwa kula. Sultani wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na pamoja naye machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile akaandika kwamba Mungu kwa rehema zake aliwaponya walipofika mji ule, kwa kuwa hewa yake ni nzuri sana.

Mtu yule hakukosea kumshukuru Mungu. Alikosea sababu. Aliitaja hewa, na machungwa yalikuwa yamepita mkononi mwake. Katika kurudi kutoka India walivuka bahari kwa karibu miezi mitatu, wakafa watu 30, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi, Januari 1499, wagonjwa walikuwa wakiyatamani machungwa. Miili yao ilikuwa ikidai kitu ambacho vichwa vya wakubwa wao havikuwa vimekielewa. Machungwa yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kudhoofika mno, wakafa, na lawama ikatupiwa tena hewa. Ilipita karibu miaka 250 ndipo daktari wa merikebu wa Uingereza, James Lind, mwaka 1747, alipowagawa mabaharia 12 wawili wawili, kila jozi dawa yake, akaona kwa macho kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi.

Kilichowachelewesha watu ni kwamba kitu kisichokuwepo ni vigumu kukiona. Mwiba unaonekana, nyoka anaonekana, hata kijidudu kwa darubini kinaonekana. Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyekuwa Java miaka ya 1890, alipitia maabara ya Robert Koch, bingwa wa vijidudu, mjini Berlin, naye alianza kwa kutafuta kijidudu cha ugonjwa wa beriberi. Eijkman alifumbuliwa macho na kuku. Kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walilegea miguu na kuanguka. Waliporudishiwa mchele wenye kumbi zake walisimama. Mchele haukuwa na sumu. Ulikuwa umepungukiwa. Jina vitamini lilikuja baadaye, mwaka 1912, likiwa limeundwa na Casimir Funk. Sembe nyeupe inayouzwa kwa viroba Kariakoo ni ndugu ya mchele ule: mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na sehemu kubwa ya vitamini B huenda na pumba kwa ng'ombe na kuku wa watu.

Tena Kariakoo si jina la hivi hivi. Ni Carrier Corps katika midomo ya wenyeji, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa eneo hili. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi ni wengi mno kuliko waliouawa na risasi. Kuhara damu na posho duni ya unga usioiva viliwamaliza watu waliokuwa wakibeba chakula cha wengine vichwani. Soko hili kubwa la chakula lina jina la watu ambao wengi wao walikufa kwa maradhi na kwa kukosa chakula cha kufaa.

Mwendo mfupi kutoka sokoni iko hospitali ya Muhimbili. Hapo ndipo swali la vitamini lilipoulizwa kwa uangalifu ambao haujafanyika mahali pengi duniani. Kuanzia mwaka 1995, madaktari wa Muhimbili, miongoni mwao Gernard Msamanga, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Wafaie Fawzi, waliwaandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU. Zama hizo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijamfikia mgonjwa wa kawaida Tanzania. Wanawake waligawanywa kwa kura: wapo waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E, wapo waliopewa vitamini A, wapo waliopewa zote, wapo waliopewa vidonge vitupu. Si mgonjwa wala muuguzi aliyejua nani kapata nini.

Majibu ya mwaka 1998 yaliwafurahisha wengi. Kwa waliopewa mchanganyiko wa vitamini, vifo vya watoto tumboni vilipungua kwa asilimia 39, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Mwaka 2004 ikaonekana kwamba mchanganyiko huo ulichelewesha ugonjwa wenyewe: waliofika hatua ya mwisho ya UKIMWI au kufariki kwa ajili yake walikuwa asilimia 24.7, dhidi ya 31.1 ya waliopewa vidonge vitupu. Kwa kitu cha bei ndogo, katika miaka ya giza, ilikuwa neema.

Lakini upande wa vitamini A ulisema jambo jingine. Wanawake waliopewa vitamini hiyo waliwaambukiza watoto wao virusi zaidi, kwa takribani asilimia 38 kuliko wasiopewa. Vitamini A, ile ile inayookoa macho ya watoto! Halafu dawa za kufubaza zikaja, na swali likaulizwa upya kwa wagonjwa 3,418 wa Dar es Salaam waliokuwa wakianza dawa hizo: je, dozi kubwa ya vitamini itawafaa kuliko dozi ya kawaida? Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2009. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala maradhi, na vipimo vya ini vikaonyesha ini likielemewa. Mji ni ule ule na ugonjwa ni ule ule. Vitamini iliyokuwa msaada mwaka 1998 haikuwa na la kuongeza baada ya dawa ya kweli kufika, na ilipozidishwa ikawa mzigo.

Pemba ilitoa fundisho zito kuliko hilo. Kisiwa kina malaria na watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu, basi akili ya kawaida ilisema: wapewe wote madini chuma na asidi ya foliki. Watoto 24,076 wakaingizwa katika jaribio. Agosti 2003 sehemu ya madini chuma ilisimamishwa, na mwaka 2006 dunia ikasoma sababu: waliopewa madini chuma na asidi ya foliki walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufariki au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Watafiti walipowaangalia kwa karibu baadhi ya watoto wakaona mgawanyiko. Wale waliokuwa kweli wamepungukiwa madini chuma na damu walinufaika. Madhara yalielekea kuwaangukia wale ambao hawakuwa na upungufu huo.

Kidonge ni kimoja, kimetoka kopo moja na kutolewa na mkono mmoja katika kijiji kimoja. Kwa huyu ni tiba, kwa jirani yake ni hatari. Muuza chupa wa Msimbazi anaposema wazee kwa watoto, hilo ndilo analolifuta kwa maneno matatu.

Hata siku ina kadiri yake. Matone ya vitamini A hutolewa Tanzania mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na mama wa uswahilini anaijua kapsuli ya bluu ya mtoto mchanga zaidi na nyekundu ya aliyevuka mwaka. Muuguzi huikata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni. Kazi hiyo ina msingi. Katika jimbo la Aceh, Indonesia, jaribio lililochapishwa mwaka 1986 lilionyesha vifo vya watoto vikishuka kwa asilimia 34. Basi kwa nini yasitolewe siku mtoto anapozaliwa? Yalijaribiwa kwa watoto 31,999 wa Dar es Salaam na Morogoro, na majibu ya mwaka 2015 yalikuwa kwamba hayakuokoa maisha. Tone lile lile lilikuja kabla ya wakati wake.

Kuna watu walioyachukua majibu ya Muhimbili na kuyafanyia biashara. Matthias Rath, daktari na mfanyabiashara wa vitamini kutoka Ujerumani, aliitumia kazi ya Dar es Salaam katika matangazo yake Afrika Kusini, akiwaambia watu kwamba dawa za kufubaza virusi ni sumu na vitamini zinatosha. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard walitoa tamko la kumkana: hawakusema hivyo, na wenye kuhitaji dawa wapewe dawa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Cape iliamua kwamba majaribio yake kwa wagonjwa yalikuwa kinyume cha sheria. Kufikia hapo waziri wa afya wa nchi ile, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa amekwisha kuwashauri wagonjwa kitunguu saumu, malimau na viazi sukari vyekundu. Watafiti wa Harvard wamekadiria kwamba zaidi ya watu 330,000 walikufa Afrika Kusini kati ya mwaka 2000 na 2005 kwa sababu dawa zilicheleweshwa. Ukweli nusu kuhusu vitamini ulishiriki katika kuchimba makaburi hayo.

Tanzania ilikuwa na kikombe chake. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa haifanyi kazi isipotoka mkononi mwake. Magari ya Dar es Salaam yalikwenda, ya Nairobi yalikwenda, foleni ikalala porini siku kadhaa. Babu, kama watu walivyomwita, hakutajirika kwa kikombe cha mia tano, na wengi wanaomkumbuka wanamkumbuka kama mtu mnyoofu. Alifariki Julai 2021. Lakini kikombe kilikuwa kimoja kwa wote: mwenye kisukari, mwenye kansa, mwenye VVU, wote kiasi kile kile, mara moja. Wapo walioacha dawa zao nyumbani kwa sababu ya imani hiyo. Hapo imani ilishika kudura na kadari, ikaiacha kadiri.

Mtu mwadilifu atauliza: je, kirutubisho ni chakula au ni dawa? Swali hili nalo lina uzito wa kidini, maana hukumu hufuata jina. Mwaka 1997 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikutana Jeddah kujadili yanayofunguza saumu. Likaamua kwamba sindano ya tiba haifunguzi, isipokuwa yale maji na sindano zenye lishe. Wanazuoni waliona kwamba kinachomlisha mtu, hata kikipitia mshipani, kimeuvunja mfungo kwa sababu kimemlisha. Walikitazama kitu kwa kazi yake, siyo kwa sura yake. Serikali ya Tanzania nayo iligawa njia mwaka 2019: dawa zikabaki kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Chupa ya Msimbazi inasimama katikati ya njia hizo. Anayeiuza akiulizwa ushahidi wa tiba atasema ni chakula tu. Akiulizwa kwa nini mtu anunue chakula kwa bei hiyo atasema ni dawa. Jina linabadilika kufuata anayeuliza.

Wanunuzi Waislamu wa Kariakoo wana swali lao zuri: ganda la kapsuli limetengenezwa na nini? Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, na pengine ya nguruwe, na si kila chupa inayoeleza. Wana haki kuuliza. Ingefaa uangalifu huo huo uende hatua moja ndani ya ganda, kwa sababu mwili ni amana, na amana haihifadhiwi kwa kujua tu kwamba kilichoingia ni halali. Asali ni halali, na mwenye kisukari hupimiwa.

Kuna sehemu ambayo mama wa mtandio, pamoja na imani yake yote, angekosea. Mfereji wa neva wa mtoto tumboni, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo. Siku hizo wanawake wengi hawajui hata kwamba wameshika mimba. Asidi ya foliki ikipungua, mfereji unaweza kubaki wazi, na mtoto akazaliwa na mgongo wazi. Na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walitangaza kwamba wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, wakipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, hatari ya kurudia hupungua kwa asilimia 72. Wazazi wanaolala wodini MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyoko Muhimbili, wakisubiri mtoto afanyiwe upasuaji wa kichwa, mara nyingi hujilaumu au huambiwa na majirani kwamba ni laana. Si laana. Huenda ni kitu kidogo kisichokuwepo katika wiki nne ambazo hakuna aliyezijua.

Basi mama afanye nini kwa siku asizozijua? Hawezi kuzisubiri kwa chupa mkononi. Fiqhi ina maneno mawili yanayofaa hapa. Faradhi aini ni wajibu wa kila mtu juu ya nafsi yake, kama sala tano. Faradhi kifaya ni wajibu wa jamii nzima, kama kumzika maiti: wakiutekeleza baadhi, umewaondokea wote, wasipoutekeleza, dhambi ni ya mji mzima. Biashara ya chupa imewafundisha watu kwamba vitamini ni faradhi aini, kila maskini ajinunulie kinga yake kona ya mtaa. Mafanikio makubwa ya virutubishi Tanzania yamekuja kwa njia ya kifaya. Chumvi ilitiwa madini joto, na rovu likaanza kuwa ugonjwa wa kusimuliwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza virutubishi viongezwe viwandani, unga wa ngano upate madini chuma na asidi ya foliki, mafuta ya kula yapate vitamini A. Anayekula chapati Mtaa wa Kongo asubuhi hajui kama amekunywa dawa, na hana haja ya kujua.

Pengo liko kwenye mahindi. Sehemu kubwa ya unga wa ugali husagwa kwenye mashine ndogo za mitaani na vijijini, ambako hakuna anayeongeza kitu. Shirika la Sanku limekuwa likifunga kwenye mashine hizo kifaa kinachopima uzito wa nafaka na kudondosha virutubishi vinavyolingana na uzito huo, debe kwa debe. Hicho ni kipande cha chuma kinachotekeleza kadiri, na msikiti au parokia yenye mashine ya kusaga ya jumuiya ingefanya ibada kwa kukifunga. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Idadi hiyo haitamalizwa na meza za Msimbazi.

Jiko nalo lina elimu yake. Mboga za majani zina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kiasi unachohitaji tu, ndiyo maana hakuna aliyepata sumu ya vitamini A kwa kula matembele. Lakini karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na bibi aliyeunga mchicha kwa nazi alikuwa sahihi kabla ya maabara. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kuchukua madini chuma. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo baada ya chakula huyazuia. Na vitamini B12 haimo kwenye mmea wowote. Dagaa wa mafungu wanayo.

Yule dada hatimaye ameondoka mezani bila chupa, kwa kuwa mama yake amemvuta mkono. Amefanya sawa kwa sababu isiyotosha. Kadi yake ina nafasi iliyoandikwa kiwango cha damu. Kwa mjamzito, chini ya takribani gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na hapo vidonge vya kliniki ndivyo kadiri yake, matembele yawepo au yasiwepo. Kichefuchefu kinatibika: avimeze usiku baada ya kula, kwa maji au juisi ya chungwa, asivimeze kwa chai, na vikizidi kumsumbua arudi kwa muuguzi amwambie badala ya kuviacha kimya kimya. Katika vituo vya serikali, hospitali ya Mnazi Mmoja ikiwemo, wajawazito hupewa vidonge hivyo bila malipo.